Ujuzi wa mtaani unapimwaje? Simu kwa nadharia, benchi kwa mikono

Fundi umeme wa mtaani asiye na cheti hukwama kwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania. Nyaya afunge yeye, fomu ya TANESCO, shirika la umeme, asaini mwingine, na sehemu ya hela iende huko. Ndiyo maana naushikilia urasimishaji ujuzi unaofanywa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: mtu anapimwa kwa alichojifunza kazini, haanzishwi upya kama mwanafunzi.

Upimaji wenyewe unaonyesha wapi pana shida. Mpe fundi huyu swichi mbili na taa moja ya ngazi, aiwashe chini na kuizima juu. Anamaliza bila mchoro, na viungio vimekaza. Muulize kwa nini soketi amezipa waya wa milimita za mraba 2.5 na taa 1.5, atakwambia ndivyo alivyomkuta bosi wake. Mkabidhi mega apime kama mpira wa nyaya unavujisha umeme, anasita. Hajui kuwa kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, laini hiyo haiwashwi.

Pengo la namna hiyo halihitaji miezi ya darasani. Akifunga kazi muda wote huo, wateja wanahama na nyumbani hakuliki. Hapo ndipo mafunzo mseto yanapofaa. Mwaka 2016 VETA na Airtel walianzisha VSOMO: nadharia unaisoma kwenye simu, vitendo unavifanya chuoni. Kwa mafundi wazoefu ningeongeza masomo ya sauti, kwa Kiswahili cha saiti, yanayopakuliwa mara moja maana bando ni gharama.

Simu hiyohiyo ikusanye ushahidi. Picha ya nyumba iliyokwisha kupakwa rangi hainiambii kitu. Nataka boksi la nyaya kabla halijafunikwa, rangi za nyaya zionekane, na video fupi fundi akipima huku anaeleza. Halafu tukae naye ana kwa ana nimhoji juu ya picha zake mwenyewe, kwa sababu picha huazimwa. Uamuzi utoke kwenye mahojiano hayo na kwenye benchi, kamwe usitoke kwenye maswali ya kubofya.

Na akipungukiwa, asiambiwe tu "umefeli". Aandikiwe: mega, athi (waya wa kwenda ardhini), uchaguzi wa waya. Akajifunze hayo jioni baada ya kazi, arudi apimwe hayo tu.