Yasuke hakuzaliwa kwenye gemu

Tangu Mei 2024, Ubisoft ya Ufaransa ilipoonyesha gemu yake ya Assassin's Creed Shadows kwa mara ya kwanza, jina la Yasuke halijapumzika mitandaoni. Gemu ina wahusika wakuu wawili, na mmoja ni Yasuke, mtu mweusi aliyevaa deraya ya samurai (askari wa tabaka la juu) katika Japani ya karne ya 16. Wapo waliokasirika, wapo walioshangilia, na pande zote mbili zimesema mengi ambayo hayakuandikwa popote. Haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

"Ni mtu wa kubuni, wametuletea siasa zao."

Yasuke aliishi. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, padri Mjesuiti kutoka Italia aliyekuwa akikagua misheni za Asia. Walipoingia Kyoto mwaka 1581, watu walisongamana kumwona mpaka wakarushiana mawe na wengine wakaumia; mapadri wameyaeleza hayo katika barua zao. Kelele zikamfikia Oda Nobunaga, mbabe aliyekuwa akiiunganisha Japani kwa upanga. Akaagiza mgeni aletwe, akamvulisha nguo mpaka kiunoni, maana hakuamini kwamba rangi ile mtu anaweza kuzaliwa nayo. Alipoamini, akampenda. Padri Lourenço Mexia aliandika mwaka huohuo kwamba Yasuke alikijua Kijapani kidogo, kwamba Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye, na kwamba watu walikuwa wakinong'ona kuwa atafanywa bwana mkubwa.

Wajapani nao waliandika. Historia ya maisha ya Nobunaga, Shinchō Kōki, iliyotungwa na mtumishi wake Ōta Gyūichi, inamtaja mtu mweusi wa miaka 26 au 27 mwenye nguvu za watu kumi. Matsudaira Ietada, samurai aliyemwona mwaka 1582, alitia jina lake kwenye shajara: Yasuke, mwili mweusi kama wino, urefu shaku 6 na sun 2. Hizo ni takriban sentimita 188. Ietada hakusimuliwa na mtu. Alimwona kwa macho yake.

"Alikuwa samurai, jemadari mkubwa." "Wapi, alikuwa mbeba mizigo tu."

Hapa watu wanachoshana bure. Nakala moja ya Shinchō Kōki inasema alipewa posho, nyumba na upanga mfupi, na kwamba mara nyingine alibeba vyombo vya bwana wake. Neno samurai halikuandikwa kando ya jina lake. Lakini enzi zile ngazi za askari zilikuwa bado hazijafungwa. Toyotomi Hideyoshi, aliyekuja kuitawala Japani yote, alianzia chini kabisa, na ni yeye aliyekuja baadaye kutenganisha askari na wakulima kwa sheria. Kwa maoni yangu, mtu anayelipwa na mbabe wa vita, akapewa upanga, na akautumia siku ya siku, ni askari wa nyumba ile. Ujemadari ndio sioni unatoka wapi. Utumishi wake haukutimiza hata mwaka na nusu. Juni 1582 Akechi Mitsuhide, jemadari wa Nobunaga mwenyewe, alimgeuka bwana wake katika hekalu la Honnō-ji. Yasuke akaenda kupigana upande wa Nobutada, mwana wa Nobunaga, kisha akasalimisha upanga wake. Akechi akaamuru arudishwe kwa mapadri, na maandishi yanakomea hapo. Majeshi anayoyaongoza kwenye vijivideo vya mtandaoni yametoka kichwani mwa watengenezaji.

"Kumfanya mgeni shujaa wa Japani ni mambo ya juzi."

Hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Mwaka 2017 kampuni ya Kijapani, Koei Tecmo, ilitoa Nioh. Mhusika mkuu ni Mzungu, William, aliyechongwa kutoka kwa William Adams, baharia Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1600 na kuishia kumtumikia mtawala Tokugawa Ieyasu. Unazunguka naye nchi nzima ukikata mashetani kwa upanga, na ugomvi kama huu wa Shadows haukutokea. Yasuke naye yumo humo humo, ila kama adui wa kupigwa. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ikamweka kwenye Samurai Warriors 5, safari hii mchezaji akiweza kumchagua. Kwa hiyo Wajapani walimtia kwenye gemu kabla ya Wafaransa.

Mfululizo wa Assassin's Creed wenyewe ulishakuwa na wahusika wakuu wenye asili ya Afrika: Aveline mwaka 2012, Adéwalé mwaka 2013 na Bayek wa Misri mwaka 2017. Mwaka 2020 ulikuja na Eivor, Mviking anayevamia monasteri za Uingereza, na sikumbuki kusikia Mwingereza aliyelipeleka suala hilo bungeni. Kingine kinachosahaulika: mhusika wa pili wa Shadows, Naoe, ni msichana Mjapani kutoka Iga, na saa nyingi za mwanzo unacheza na yeye, si Yasuke.

"Waziri Mkuu wa Japani aliilaani."

Machi 2025, gemu ikiwa inakaribia kutoka, mbunge mmoja alimuuliza Waziri Mkuu Shigeru Ishiba kuhusu wachezaji kuweza kuharibu hekalu la Itatehyōzu, ambalo ni hekalu la kweli mkoani Hyōgo. Hofu ya mbunge ilikuwa kwamba watu wataiga. Ishiba alijibu kuwa kuharibu hekalu ni jambo lisilokubalika. Kumhusu Yasuke hakusema lolote. Ubisoft ilitoa sasisho lililofanya baadhi ya vitu vya mahekaluni visivunjike. Malalamiko ya Wajapani yapo, na mengine ni ya haki: bendera ya kikundi kinachoigiza vita vya kale ilitumika kwenye michoro ya matangazo bila ruhusa, na kampuni ikaomba radhi. Hilo ni suala la kuchukua cha mtu bila kuomba, halina uhusiano na rangi ya ngozi.

"Ilianguka vibaya sokoni."

Ubisoft ilitangaza wachezaji milioni 3 katika wiki ya kwanza. Wachezaji si nakala zilizouzwa, maana wapo wanaocheza kwa kulipia mwezi. Hata hivyo, huko si kuanguka.

"Alikuwa Mswahili mwenzetu."

Hii ni yetu, na inapendeza kuisikia. Tatizo ni kwamba anayemtaja kuwa mtu wa Msumbiji ni mwanahistoria Mjesuiti wa Ufaransa, François Solier, aliyeandika mwaka 1627, zaidi ya miaka 40 baada ya Honnō-ji. Ni ushahidi wa kuaminika kiasi, kwa kuwa meli za Wareno kati ya Lisbon na Goa zilikuwa na kawaida ya kutia nanga Kisiwa cha Msumbiji. Lakini bandari ile ilipitisha watu wa pwani na wa bara, na Solier hakutaja kabila wala lugha. Anayemwita Mmakua au Mswahili wa Kilwa ameongeza chake, kama Ubisoft walivyoongeza chao. Tofauti ni kwamba Ubisoft wanauza gemu, nasi tunaandika kana kwamba ni historia.