Udongo mlaini sio godoro: watu wanavyokosea kuhusu tetemeko mjini

Hii naisikia kila tetemeko likitajwa, eti ukijenga kwenye udongo mlaini mshtuko unamezwa kama umelalia godoro. Aisee ni kinyume kabisa. Mawimbi yakitoka kwenye mwamba yakaingia kwenye tope spidi inashuka lakini nguvu haijaenda popote, kwahiyo mtikisiko unakuwa mkubwa zaidi, halafu mengine yananasa humohumo yanaenda yanarudi, ardhi inayumba muda mrefu.

Cheki Mexico City. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8 lilipiga pwani ya Pasifiki, kilomita zaidi ya 350 kutoka mjini, yaani mbali kiasi kwamba wale wa "ukiwa mbali na kitovu umepona" wangelala usingizi, na bado maelfu ya watu walikufa jijini. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya katikati ya jiji imekaa juu ya ziwa la zamani la Texcoco, tope la mfinyanzi la makumi ya mita. Siku ile mashine za pale chuo kikuu cha UNAM, kwenye mawe ya volkano, zilirekodi mtikisiko mdogo tu, za kwenye tope zikarekodi kama mara 5 yake. Jiji lilelile!

Na sio kwamba ghorofa refu ndo linalala kwanza. Tope lile lilikuwa linayumba kwa mdundo wa kama sekunde 2 kwenda na kurudi, na majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 hivi ndo yalioana na mdundo huo yakapigwa vibaya, wakati Torre Latinoamericana na ghorofa zake 44 lilibaki limesimama. 2017, tarehe ileile 19 Septemba (we acha tu), likaja la 7.1 karibu zaidi na mji, safari hii yakaumia majengo mafupi zaidi, hasa upande ambao tope ni jembamba.

Kupima udongo wa kiwanja nako watu wanawaza baruti. Mara nyingi ni nyundo kubwa, bamba la chuma na jiofoni (vifaa vya kunasa mtetemo wa ardhi) zimepangwa mstari, unapiga, unaangalia mawimbi yamefika kwa spidi gani. Wengine hata hawapigi, wanategesha mashine inasikiliza mtetemo wa magari na upepo, inatoa mdundo wa ardhi. Kutabiri tetemeko litakuja lini hapo hakuna, na kuchoronga kwa kupima udongo bado kunahitajika.

Halafu kuna ile ripoti ya wastani wa spidi ya mawimbi kwenye mita 30 za juu za ardhi: chini ya mita 180 kwa sekunde ni laini, kuanzia 760 unaongelea mwamba. Watu wakiiona wanafunga faili, wakati kule Mexico City kuna sehemu tope linapita hizo 30, kwahiyo mpimaji akikuletea ripoti ya kiwanja muulize kwanza alishuka mpaka wapi.