Usikimbilie kufomati, kwanza jua kilichoingia

Mitihani ya kufunga muhula ikikaribia, steshenari za hapa Mwanga, Kigoma, hujaa walimu wenye flashi mkononi. Haipiti wiki, baadhi ya flashi hizo zinaletwa kwangu kwa ombi lile lile: "Fundi, imeingia vairasi, nifomatie." Siipokei kazi hiyo kabla sijaangalia ndani. Programu hasidi, ambazo wengi huziita vairasi zote, ziko za namna nyingi, kila moja ina mlango wake wa kuingilia na kazi iliyotumwa kufanya, na tiba inafuata hapo. Ukifomati kabla hujajua, unaweza kufuta kazi ya muhula mzima ambayo ilikuwa salama.

Nianze na anayetusumbua zaidi, mnyoo wa flashi. Unafungua flashi, unakuta kila foda ina mshale mdogo kwenye kona, au unakuta alama moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Tazama ukubwa wake: KB 1 au 2. Hiyo si foda yako, ni njia ya mkato (shortcut). Ukiibofya, inaamsha kwanza skripti, yaani programu fupi ya maagizo, iliyojificha humo humo, halafu inakufungulia foda halisi, nawe hushtuki kwa sababu kazi yako unaiona. Wakati huo skripti imeshajinakili kwenye kompyuta ya steshenari, imejipanga iamke kila kompyuta inapowashwa, na inasubiri flashi ya mteja anayefuata. Ndivyo inavyotoka Ujiji ikafika Gungu na Katubuka bila intaneti yoyote.

Mafaili yenyewe mara nyingi yamo. Yamepewa alama ya kufichwa pamoja na alama ya faili za mfumo, ndiyo maana hata ukiiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa bado huyaoni. Kuna mwalimu aliyeambiwa kwingine kwamba flashi yake imekufa. Nilimfungulia tukatazama pamoja: zaidi ya GB 3 zimetumika, ilhali vilivyoonekana havikufika hata MB moja.

"Sasa mwalimu, hizo GB zimekaliwa na nini?"

"Ina maana mitihani yangu imo?"

Ilikuwamo yote. Kwenye kompyuta safi, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua dirisha jeusi, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mahali pa E uweke herufi ya flashi yako. Foda zitarudi. Nakili kazi zako, futa zile njia za mkato na skripti, ndipo ufomati ukitaka. Ila kompyuta iliyoambukizwa isafishwe kwanza. Ukiisafisha flashi ukairudisha pale pale, umefanya kazi bure.

Virusi hasa ni kitu kingine. Chenyewe hujipachika ndani ya programu au sehemu ya diski inayowashia kompyuta, kama kile cha Brain kilichotoka Lahore, Pakistani, mwaka 1986. Kikishaingia kwenye mamia ya programu za kompyuta moja, hapo mimi mwenyewe nashauri tuhifadhi nyaraka na kusimika Windows upya.

Trojani, zile zinazojifanya programu njema, ndizo zinazoniumiza roho, kwa sababu mwenye kompyuta anazikaribisha mwenyewe. Kijana anataka Office au programu ya kuhariri video bila kulipia, anapakua kraki, yaani kifaa cha kuvunja kufuli la leseni, na maelekezo yanamwambia azime antivairasi kwanza. Ni sawa na mgeni anayekutaka umfunge mbwa kabla hajaingia uani usiku. Ndani ya kraki hizo hukaa jasusi anayechota nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, au mwingine anayerekodi kila herufi unayobonyeza. Kwenye simu mlango ni faili la APK, yaani faili la kusimika programu kwenye Android, linalotumwa WhatsApp kwa jina la zawadi au mkopo. Likikuomba ruhusa ya kusoma meseji zako, likatae, maana namba za uthibitisho za benki na za pesa kwa simu huja kwa meseji.

Mlango huo wa kraki ndio unaopitiwa pia na programu za kudai fidia, hasa familia iitwayo STOP/Djvu. Hapa mafaili hayakufichwa. Yamefungwa kwa hesabu za siri, majina yameongezewa herufi ngeni mwishoni, na kila foda ina barua ya kudai dola. Attrib haisaidii kitu. Nyingine haziombi hata ubofye: WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, ilijisambaza yenyewe kwenye mitandao ya nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Najua kwa nini watu hapa huzima masasisho. Bando ni ghali. Lakini tafadhali, tumia hata bando la usiku, uyaruhusu yapite.

Yakikukuta, usilipe haraka na usifute yale mafaili. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya aina hizi, na mara nyingine ufunguo hupatikana baadaye. Kinga ya uhakika ni nakala kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa.

Zile za matangazo yanayorukaruka kwenye kivinjari ni kero zaidi kuliko hatari. Ondoa viendelezi (extensions) usivyovijua na mara nyingi yameisha.

Kwa walimu, kabla ya msimu huu wa mitihani: acheni flashi nyumbani, chukueni kadi ya SD ile kubwa. Pembeni ina kitufe kidogo cha kufunga. Ukikisukuma kwenye "lock", kompyuta nyingi zitasoma na kuchapa lakini hazitaandika kitu juu yake. Na mtihani uhifadhini kama PDF, ili steshenari isihitaji kuugusa.