Je, wajua? Tofauti ya metali ya nywele na hevi metali haiko vidoleni

Katika video ya wimbo "Nothing Else Matters" wa bendi ya hevi metali ya Metallica, iliyotoka mwaka 1992, mpiga ngoma Lars Ulrich anaonekana akirusha kishale kwenye bango lenye picha ya Kip Winger, mwimbaji na mpiga besi wa Winger, bendi ya metali ya nywele iliyobeba jina lake. Mashabiki wengi walikisoma kitendo hicho kwa namna moja: yule ni mtu wa nywele na sura, hawa ni wanamuziki wa kweli. Robo karne baadaye, katika tuzo za Grammy za mwaka 2017, Kip Winger aliteuliwa kuwania tuzo ya utunzi wa muziki wa klasiki wa kisasa kwa kazi yake ya okestra iitwayo "Conversations with Nijinsky".

Je, bendi za metali ya nywele zilikuwa na wapigaji dhaifu kuliko bendi za hevi metali? Kwa miaka mingi nililijibu swali hili kwa "ndiyo" bila kusita, nikiamini kwamba kikundi kinachotumia muda mrefu mbele ya kioo hakiwezi kuwa na muda wa mazoezi. Nilikosea, na kosa hilo linanivutia hadi leo, kwa sababu tofauti kati ya aina hizi mbili za muziki ipo kweli, ila nilikuwa nikiitafuta mahali ambapo haipo.

Historia yenyewe inaweza kuelezwa kwa ufupi. Hevi metali, aina ya roki yenye magitaa mazito, ilianzia Birmingham, Uingereza, ambako Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili katika ajali ya kiwandani, na baadaye alilegeza nyuzi za gitaa lake, jambo lililoufanya mlio uwe mzito zaidi. Metali ya nywele ilistawi Los Angeles, Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa bendi kama Mötley Crüe, Ratt na Dokken. Jina lenyewe, linalotokana na nywele ndefu zilizotunishwa kwa dawa ya kupuliza, lilienea baadaye, na lilibeba dharau.

Sasa tuwatazame wapigaji. Mtu ambaye bendi nyingi za Los Angeles zilimfuata kama kielelezo ni Eddie Van Halen, aliyekulia Pasadena akifundishwa piano ya klasiki. Mwaka 1978 alitoa "Eruption", kipande cha gitaa kisichofika dakika mbili, ambamo vidole vya mikono yote miwili vinagonga nyuzi juu ya shingo ya gitaa. Baada ya hapo, bendi ya Los Angeles iliyotaka kusikilizwa ilihitaji mpiga solo (sehemu ambayo gitaa huongoza peke yake) mwenye kasi na usahihi wa hali ya juu. Warren DeMartini wa Ratt, George Lynch wa Dokken na Vito Bratta wa White Lion hawakuwa pambo jukwaani. Paul Gilbert wa Mr. Big alisoma na kisha kufundisha katika chuo cha wapiga gitaa cha Hollywood. Katika bendi ya Winger yenyewe, ile iliyorushiwa kishale, mpiga ngoma alikuwa Rod Morgenstein, aliyetoka katika bendi ya Dixie Dregs iliyosifika kwa muziki mgumu usio na maneno, na ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo cha Muziki cha Berklee mjini Boston.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwa watu waliovuka mpaka. Randy Rhoads alikuwa mpiga gitaa wa Quiet Riot ya Los Angeles kabla ya kuchukuliwa na Ozzy Osbourne, mwimbaji wa zamani wa Black Sabbath, na solo zake katika albamu ya "Blizzard of Ozz" ya mwaka 1980 zimewafunza wapigaji wa hevi metali wa vizazi kadhaa. Pantera ya Texas ilitoa albamu tatu kati ya 1983 na 1985 zenye mtindo na mavazi ya metali ya nywele, na mpiga gitaa wao akijulikana kama Diamond Darrell. Mwaka 1990 bendi hiyo ilitoa "Cowboys from Hell", na mtu yuleyule, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Dimebag Darrell, akahesabiwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa hevi metali. Vidole ni vilevile. Kilichobadilika zaidi ni nyimbo.

Sisemi kwamba kila bendi ya Los Angeles ilikuwa na fundi wa kiwango hicho. Ustadi wa muziki nao haupimwi kwa rula, na mara nyingi watu wawili wanaobishana juu yake wanapima vitu viwili. Solo za metali ya nywele zinaonyesha zaidi mkono unaobana nyuzi. Hevi metali, hasa ile ya kasi iliyozuka katika miaka ya 1980, inautukuza mkono unaozipiga: James Hetfield wa Metallica hupiga sehemu kubwa ya gitaa la "Master of Puppets" kwa kushusha mkono tu, bila kuchukua nafuu ya kupiga pia wakati mkono unapopanda, katika wimbo unaokwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Kwa kuwa nyuzi hupigwa mara mbili katika kila pigo, hiyo ni takriban mipigo 7 ya mkono kila sekunde. Anayesikiliza solo peke yake hawezi kuutambua ustadi huo, na anayesikiliza mpigo peke yake hatamtendea haki Bratta.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika utunzi, na sababu mojawapo kubwa inaanzia ndani ya amplifaya.

Aina zote mbili zinatumia distosheni, yaani mkwaruzo unaotokea amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake. Aliyewahi kuimba kwaya anajua ngazi ya do, re, mi, fa, so. Katika gitaa lenye sauti safi, do, mi na so zikipigwa pamoja hupita kama watu watatu kwenye lango pana: kila mmoja anapita bila kumgusa mwenzake. Distosheni ni mlango mwembamba. Sauti zinasukumana, na msukumano huo unazaa sauti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Mojawapo ni ile inayolingana na tofauti ya mitetemo yao kwa sekunde.

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Do yetu iwe uzi unaotetema mara 110 kwa sekunde. So yake, kwa jinsi gitaa linavyotuniwa, hutetema karibu mara 164.8. Tofauti ni 54.8, ambayo ni karibu kabisa na 55, yaani do ileile katika oktava ya chini. Amplifaya imemzawadia mpigaji besi asiyoipiga, na ndiyo maana do na so pekee, zikikwaruzwa, husikika kama ukuta. Sasa tupige do na mi. Mi hutetema karibu mara 138.6, na tofauti ni 28.6. Ili ipatane na do, ilipaswa kuwa 27.5, yaani do ya oktava mbili chini. Pengo linaonekana dogo, lakini katika eneo hilo la chini linazidi nusu ya nusutoni, ile hatua ndogo kuliko zote kwenye gitaa, na sikio linalipokea kama tope.

Fikiria watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akipiga mara 3 wakati mwenzake anapiga mara 2, wanakutana kila baada ya muda mfupi na kazi inakuwa na mdundo. Huo ndio uhusiano wa so na do. Mmoja akipiga 5 na mwenzake 4, wanakutana kwa nadra zaidi, na ikiwa mmoja pia huchelewa kidogo, michi inagongana. Huo ndio uhusiano wa mi na do katika gitaa la kawaida, kwa sababu mfumo wetu wa kutuni unaiacha so karibu safi lakini unaipandisha mi kidogo kupita mahali pake pa asili.

Ni mi inayotuambia kama wimbo ni meja au maina, yaani mchangamfu au wa huzuni. Ukiiondoa kwenye gitaa, wimbo unapoteza uso wake, na mtunzi lazima aamue atampa nani kazi hiyo. Hapo ndipo njia zinapoachana. Watunzi wa hevi metali kwa kawaida waliukubali utupu huo na kuujaza kwa rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, kisha wakaunganisha rifu moja na nyingine hadi wimbo ukawa safari. "Master of Puppets" inachukua zaidi ya dakika 8. Watunzi wa metali ya nywele walimkabidhi mwimbaji ile mi, pamoja na sauti nyingi zilizorundikwa nyuma yake, na wimbo mzima ukajengwa ili ufike kwenye kiitikio.

Kiitikio hicho kilikuwa kama jiwe la thamani linaloweza kuhamishwa kutoka pete moja hadi nyingine. Mtunzi Desmond Child alimwandikia Bonnie Tyler "If You Were a Woman (And I Was a Man)", kisha katika mwaka huohuo wa 1986 muziki wa kiitikio chake ukasikika tena ndani ya "You Give Love a Bad Name", aliouandika pamoja na Jon Bon Jovi na Richie Sambora wa bendi ya metali ya nywele ya Bon Jovi. Wimbo huo ulifika namba moja Marekani. Rifu ya Metallica haihamishiki hivyo, kwa sababu imefungamana na mkono unaoipiga.

Fizikia haimlazimishi mtunzi, na wapo waliotafuta njia ya kuizunguka. Eddie Van Halen alikuwa akiulegeza kidogo uzi wa pili wa gitaa lake ili mi itulie. Iron Maiden, ambao ni hevi metali kwa kila kipimo na bado wana viitikio vinavyoimbwa na viwanja vizima, huwapa wapiga gitaa wawili sauti moja moja, kila mmoja na amplifaya yake, hivyo sauti hizo hazipitii mlango mmoja. Def Leppard wa Sheffield, katika kurekodi "Hysteria" ya mwaka 1987, walifikia hatua ya kurekodi baadhi ya kordi, yaani sauti kadhaa zinazosikika pamoja, uzi mmoja baada ya mwingine.

Njia rahisi kuliko zote ni kuzima mkwaruzo. Bendi ya Extreme ilifanya hivyo katika "More Than Words", wimbo wa gitaa moja kavu na sauti mbili uliofika namba moja Marekani mwaka 1991. Metallica nao walifanya hivyo mwaka huohuo. Wimbo wao unaanza kwa nyuzi nne za gitaa zilizoachwa wazi, zikidonolewa moja baada ya nyingine bila distosheni, na uzi wa pili kudonolewa ni ileile sauti ya tatu ya ngazi, nafasi ya mi, inayotuambia kwamba wimbo ni maina. Wimbo wenyewe ni "Nothing Else Matters", ule ambao katika video yake kishale kinarushwa.