Mkataba wa studio Hollywood ulikuwa kitu gani, na Olivia de Havilland aliuvunjaje

Ukifuatilia maisha ya waigizaji wa Hollywood wa miaka ya 1930 na 1940 utaona kila mmoja ana studio yake, huyu wa MGM, yule wa Warner Bros., mwingine wa Paramount, na ukidhani ni ajira ya kawaida tu kama mtu anavyoajiriwa benki utapitwa na mengi sana. Mkataba wa studio maana yake ni kwamba muigizaji anasaini kuitumikia kampuni moja ya filamu kwa miaka 7, analipwa kwa wiki awe ana filamu au hana, na kampuni ndiyo inaamua atacheza muvi gani, na nani, lini, na mara nyingi hata ataitwa nani. Lucille LeSueur alipofika MGM mwaka 1925 jina lake halikuwapendeza mabosi, wakaendesha shindano kwenye jarida la filamu wasomaji wamtafutie jina jipya, na hapo ndipo akazaliwa Joan Crawford tunayemjua.

Hiyo miaka 7 nayo ilikuwa inabana upande mmoja tu. Kila baada ya miezi 6 au mwaka studio ilikuwa na haki ya kukaa chini na kuamua, huyu tunaendelea naye na mshahara unapanda kidogo, au huyu hatumtaki aende zake. Muigizaji hakuwa na haki hiyo. Yaani hata filamu zake zikijaza majumba ya sinema nchi nzima yeye analipwa kile kile kilichoandikwa alipokuwa hajulikani na mtu, na hawezi kwenda kwingine, ila akichuja kidogo tu wanaachana naye.

Halafu kulikuwa na mambo ya mkopo, na hapa wapenzi wa mpira watanielewa haraka maana ni kama klabu inavyomtoa mchezaji wake akachezee timu nyingine msimu mmoja. Studio A inamkopesha staa wake kwa studio B, B inalipa pesa ndefu, staa anaendelea kupokea mshahara wake ule ule wa wiki na kinachobaki kinaingia mfukoni mwa A. Clark Gable alitolewa na MGM kwenda Columbia, studio iliyokuwa ndogo wakati huo, akacheza It Happened One Night ya mwaka 1934 na akarudi na Oscar mkononi. Yeye alibahatika, lakini mkopo huo huo ulitumika pia kama adhabu, ukiwa msumbufu unapelekwa kwenye muvi ambayo wenzako wameikimbia.

Tuseme ukweli, mkataba huu ulikuwa na upande wake mzuri. Mshahara ulikuwa wa uhakika kipindi ambacho Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na watu wanapanga foleni za mkate, na studio zilikuwa na walimu wa kucheza, kuimba, kuongea, kupanda farasi, hadi shule kwa ajili ya watoto waigizaji. Wengi wasingekuwa mastaa bila hiyo mashine. Kwa hiyo tatizo kubwa mimi naona halikuwa ile miaka 7 yenyewe, bali kipengele kimoja ambacho watu wengi hawakizungumzii vya kutosha, nacho ni kusimamishwa.

Ilikuwa hivi. Unaletewa skripti, unaisoma, unaona hii haina maana, unakataa. Studio inakusimamisha bila mshahara, na wakati huo huruhusiwi kufanya kazi popote pengine, si kwenye jukwaa, si redioni. Hapo bado unaweza kuvumilia. Lakini zile wiki ambazo filamu uliyoikataa inapigwa, tuseme wiki 10, zinaongezwa mwisho wa mkataba wako, kwamba hizo hukutumikia kwa hiyo bado unadaiwa. Kataa filamu moja kila mwaka uone, mkataba wa miaka 7 unasogea hadi miaka 8 na zaidi, na anayeamua skripti gani iletwe mezani ni yule yule anayefaidika ukikataa. Ndiyo maana waigizaji wengi walikuwa wanameza tu na kucheza chochote. Bette Davis alijaribu kuwakimbia Warner mwaka 1936 akaenda Uingereza kutafuta kazi huko, wakamfuata hadi mahakamani London, akashindwa kesi, akarudi kuwatumikia.

Sasa tuje kwa Olivia de Havilland. Alizaliwa Tokyo mwaka 1916, wazazi wake Waingereza, akakulia Saratoga, California, pamoja na mdogo wake ambaye naye dunia ilikuja kumjua kama Joan Fontaine. Warner walimchukua akiwa na miaka 18 baada ya kumuona kwenye mchezo wa Shakespeare uliosimamiwa na Max Reinhardt, na mwaka 1936 akasaini mkataba wa miaka 7. Wakampachika kwenye filamu za mapanga na farasi pamoja na Errol Flynn, walicheza pamoja filamu 8, na karibu zote kazi yake ilikuwa kupendeza, kupendwa na kuokolewa. The Adventures of Robin Hood ya 1938 ni nzuri mpaka leo, lakini angalia anachopewa kufanya mle ndani halafu angalia uwezo wake.

Ilipotokea nafasi ya kuwa Melanie kwenye Gone with the Wind, ambayo ilikuwa ya mtayarishaji David Selznick na siyo ya Warner, bosi wake Jack Warner alikataa kumtoa. Olivia hakugombana naye, alimtafuta mke wa bosi, Ann, wakakaa kwenye chai akamweleza jinsi anavyoitaka ile nafasi, na mama yule akaenda kumlainisha mumewe hadi akakubali. Akapata uteuzi wa Oscar. Halafu akirudi nyumbani Warner anakuta skripti zile zile za binti wa kuokolewa! Akaanza kukataa, wakaanza kumsimamisha.

Mwaka 1943 miaka yake 7 ikaisha, Warner wakamwambia bado, unadaiwa kama miezi 6 ya zile siku ulizosimamishwa. Wakili wake, Martin Gang, akamuonyesha sheria ya kazi ya California inayosema mtu halazimishwi kumtumikia mwajiri kwa mkataba zaidi ya miaka 7. Swali likabaki moja, hiyo miaka 7 ni ya kalenda au ni ya kazi uliyofanya kweli? Studio walisema ni ya kazi, ukikaa nyumbani saa inasimama. Yeye akasema mwaka ni mwaka. Mahakama ikakubaliana naye mwaka 1944, Warner wakakata rufaa, Desemba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikasema vile vile, na mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuisikiliza tena kesi hiyo mwaka 1945.

Watu husimulia ushindi huu kama kitu chepesi na mimi hunikera kidogo, maana Warner walishaziandikia studio nyingine wasimpe kazi, na kwa karibu miaka 2 mwanamke aliyekuwa kwenye kilele cha umri wake wa kuigiza hakukanyaga seti ya filamu. Alizunguka kwenye hospitali za kijeshi kuwatembelea majeruhi wa vita, kaskazini kwenye visiwa vya Aleutian na kusini hadi Pasifiki, kesi inaendelea huku nyuma, na angeshindwa jina lake lingeishia hapo.

Alipoachiwa akaenda Paramount, akacheza To Each His Own ya 1946, akachukua Oscar. Mwaka 1948 akatoka na The Snake Pit, 1949 The Heiress, Oscar ya pili. Ukiziangalia hizo tatu mfululizo unaona kabisa ni kitu gani kilikuwa kimefungiwa kule kwenye mapanga na farasi.

Mkataba wa studio haukufa siku ile. Uliendelea kudhoofika, mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi iliyozifanya studio kubwa ziachane na majumba yao ya sinema, runinga ikaingia sebuleni, na kumlipa staa kila wiki kukawa mzigo. James Stewart alicheza Winchester '73 ya mwaka 1950 kwa makubaliano ya kuchukua sehemu ya faida badala ya mshahara mkubwa, na mastaa wengine wakafuata njia hiyo.

Olivia alifariki Paris mwaka 2020 akiwa na miaka 104, na ile sheria mawakili wa California mpaka leo wanaiita kwa jina lake. Wanaoikimbilia siku hizi ni wanamuziki pia, bendi ya 30 Seconds to Mars ilitumia hoja hiyo hiyo ya miaka 7 mwaka 2008 iliposhtakiwa na kampuni yake ya muziki, EMI, kwa madai ya dola milioni 30, japo kampuni za muziki zilishajiwekea kinga tangu 1987 inayoziruhusu kudai fidia kwa albamu ambazo msanii hajazitoa.