Mfereji wa Suez hauna milango
Habari ya meli kukwama Suez ikifika kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, hakosekani wa kusema mfereji ule una milango ya kupandishia na kushushia meli, eti kwa kuwa Bahari ya Shamu iko juu kuliko Mediterania. Sivyo. Milango hiyo iko Panama.

Dhana hii ni ya zamani. Mwaka 1799 wapimaji wa Napoleon walikosea, wakasema Bahari ya Shamu imezidi kwa karibu mita 10. Vipimo vya 1847 vilionyesha bahari hizo karibu zinalingana. Mfereji ukafunguliwa 1869 bila mlango hata mmoja.

Ismailia, mji wa katikati ya njia ulioanzishwa 1863, meli hubadilisha rubani tu: mmoja anateremka, mwenzake anapanda. Shida kubwa ya wajenzi ilikuwa maji ya kunywa. Yalibebwa na ngamia jangwani mpaka ulipochimbwa mfereji mdogo wa maji baridi kutoka mto Nile. Bila huo mji usingesimama, wala klabu yake, Ismaily, bingwa wa Afrika wa 1969.