Bawa la Gari na Hewa Nyepesi ya Nairobi

Vijana wengi wenye magari hapa Nairobi huniuliza kama bawa lililofungwa juu ya buti litafanya gari lishike barabara vizuri zaidi. Nami huwauliza kwanza: unaendesha kwa kasi gani? Nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne; ikiongezeka mara tatu, mara tisa. Kwenye Nairobi Expressway mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Gari la mashindano likifika 240, bawa lile lile hukandamizwa mara tisa zaidi.

Bawa hilo ni kama la ndege lililopinduliwa. Hewa ya chini yake hukimbia zaidi, shinikizo hushuka, na bawa huvutwa chini pamoja na gari. Matairi hukandamizwa kwenye lami bila gari kuongezewa uzito, na hapo ndipo faida ilipo, maana mzigo wa kweli ungekuwa taabu kuugeuza na kuusimamisha. Gharama yake ni ukinzani wa hewa, unaokula nguvu ya injini kwenye barabara iliyonyooka.

Sasa kumbuka tunaishi mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na msukumo wa bawa hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ukinzani hupungua pia, lakini injini isiyo na turbo nayo hukosa pumzi. Mexico City, iliyo juu zaidi yetu, timu za Formula 1 hufunga mabawa makubwa kabisa na bado magari huteleza.

Linalonisumbua zaidi ni mizani ya mbele na nyuma. Bawa kubwa likikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, hukandamiza mkia na kuipunguzia pua uzito. Ukikata usukani kwa kasi, gari linakwenda moja kwa moja. Katika Safari Rally kule Naivasha magari huinuliwa juu kwa sababu ya mawe na mitaro, hivyo hewa ya chini ya sakafu haiwezi kutumiwa kama kwenye Formula 1. Kazi kubwa hubaki kwa bampa ya mbele na bawa la nyuma. Bampa iking'olewa na jiwe, dereva hulazimika kubadili namna anavyoingia kona.

Ukitaka kuona mwenyewe, bandika vipande vifupi vya uzi wa sufu kwenye kioo cha nyuma na buti, kisha mwenzako akurekodi kutoka gari lingine. Uzi ukilala kufuata bodi, hewa imeishika. Ukipepesuka huku na huku au kugeukia mbele, hewa imeachana na bodi, na bawa fupi lililowekwa hapo halifanyi kazi. Magari mengi ya saluni huonyesha hivyo hasa.

Na tafadhali angalia bolti. Mwaka 1969 huko Montjuïc, Uhispania, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katikati ya mashindano, na yote mawili yakagonga vizuizi. Bawa linalokandamiza kweli lazima lishikwe na fremu ya gari. Bati la buti pekee haliwezi kulibeba.